Bibi mwenye ukosi wa shanga

Nkuhungu,
Dodoma.
9 Julai 2025

Ndugu yangu Ndahani,

Mbukwenyi hapo nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa salama, na kwamba mama, ambaye naomba umfikishie shikamoo yangu, anaendelea vizuri na mguu wake. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa miezi hii unatuletea vumbi kila mahali, hata juu ya tableti yangu ya kuchorea, ambayo naifuta kwa kitambaa cha miwani mara kwa mara kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kalamu inatosha kuacha mkwaruzo usiofutika.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, swali ambalo hata marehemu baba aliondoka bila kupata jibu lake. Unasema ulikaa na wanao mkatazama kipindi cha katuni mpaka mwisho, ukaliona jina langu likipita chini ya maneno "ubunifu wa wahusika" wala si chini ya "uchoraji", ukashangaa, kwa kuwa tangu tulipokuwa darasa la tano wewe ulinijua kuwa mchoraji tu. Tena unaye mwanafunzi wa darasa la sita anayechora kwa mkaa nyuma ya vyoo vya shule, na unataka kujua kama kazi hii inaweza kuwa kazi yake.

Ndahani, picha ninazochora mimi hazionekani kwenye televisheni. Kinachoonekana ni kazi ya wenzangu, ambao wengi wao sijawahi kukutana nao, wakimwendesha mtu niliyembuni mimi. Kazi yangu ni kuwaachia karatasi zenye maelezo ya kutosha ili watu wanne walio katika vyumba vinne, kila mmoja na mkono wake na tabia zake, wamtoe mtu yuleyule. Ndiyo maana picha nzuri kupita kiasi huweza kuwa kazi mbaya, na hilo lilinichukua miaka kulielewa, kwa sababu mimi na wewe tulilelewa kusifiwa kwa picha nzuri.

Karatasi ya kwanza humwonyesha mhusika amesimama wima, akitazamwa kwa mbele, kwa upande kidogo, ubavuni na mgongoni, na mistari imepitishwa kutoka utosini hadi visiginoni ili jicho, kiwiko na goti viwe kwenye kimo kilekile popote anapogeukia. Nyingine huwa na nyuso zake za furaha, hasira, aibu na usingizi, nyingine mikono, nyingine midomo, nyingine rangi. Ipo pia ile ambayo wahusika wote hupangwa mstari mmoja, kama mnavyowapanga wanafunzi paredi asubuhi, ili ijulikane nani anamfikia nani begani. Mtu mzima wa kawaida ana kimo cha vichwa vyake saba na nusu hivi, ilhali mtoto wa katuni mara nyingi hupewa viwili na nusu au vitatu, na ndiyo sababu katuni za watoto hujaa vichwa vikubwa kama maboga. Karatasi hiyo ya paredi tuliwahi kuisahau mara moja, na mzee wetu akafika mlangoni pa tembe akiwa mrefu kuliko nyumba. Mimi nilitaka kosa lile liachwe, kwa maana wewe na mimi tunajua tembe za babu zetu ziliwatendea hivyo wazee wengi warefu, lakini wenzangu walikataa.

Kabla ya karatasi yoyote huwa nachora kivuli. Namjaza mhusika weusi mtupu, bila macho wala mdomo, kisha namweka mbali na kutazama kama bado anajulikana, kwa kuwa mtoto anayetazama televisheni ndogo ya jirani akiwa amesimama dirishani hawezi kuona nyusi. Unakumbuka safari yetu ya Kolo, huko Kondoa, tukiwa shuleni, tulivyopanda mlima juani hadi mwambani na wewe ukashinda ukitafuta wanyama? Mimi siku hiyo niliwaangalia watu: wale wembamba, warefu, waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wana nywele au mapambo makubwa kichwani, ambao hawana nyuso kabisa na bado unajua nani ameinama na nani amenyoosha mkono. Michoro hiyo ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Nilirudi peke yangu mwaka juzi, nikakaa nusu siku nikinakili migongo tu, mpaka mwongoza watalii akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa nikusimulie habari za Bibi, maana huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Tulikuwa tunaandaa hadithi ya mama mmoja mzee wa Kigogo anayepiga ngoma ya muheme, na nilipopewa maelezo yake nilifurahi sana, kwa sababu nilimjua kabla hajabuniwa. Nilimpa ndewe ndefu za masikio zilizotogwa kama za bibi yangu mzaa mama, nikamkalisha ngoma katikati ya mapaja, na shingoni nikamvika nyuzi tatu za shanga, kila uzi shanga 40, nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo nilizichora moja moja kwa siku mbili nzima. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Mke wangu aliichapisha akaitundika sebuleni, na mpaka leo ipo.

Lakini shanga hizo zilikuwa tatizo. Hesabu yake ni hii, na wewe ni mwalimu wa hesabu utanisahihisha. Filamu huenda fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa sekunde. Kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, hivyo tunahitaji michoro 12 kwa sekunde moja, yaani 720 kwa dakika. Ukizidisha kwa shanga 120, unapata shanga 86,400 kwa dakika moja tu ambayo Bibi anaonekana. Hakuna mtu atakayezichora. Mimi nilijitetea kwamba siku hizi vipindi vingi vya televisheni havichorwi upya picha kwa picha: mhusika hukatwa viungo ndani ya kompyuta, kichwa peke yake, bega peke yake, kiganja peke yake, kisha huunganishwa kama kikaragosi cha karatasi kilichofungwa kwa pini, na mhuishaji, yaani yule anayezifanya picha zijongee, huvuta kiungo anachokitaka. Nikaona kwamba shanga zitachorwa mara moja zibandikwe kifuani, basi.

Wiki tatu baadaye nikaletewa sekunde nne za majaribio. Bibi alikaa vizuri, akainua mikono vizuri, akainama kupiga ngoma, na nyuzi zile tatu, badala ya kuning'inia kuelekea chini, zikabaki zimekakamaa mbele ya kifua chake kama seng'enge, kisha ncha zake zikapenya ngozi ya ngoma na kutokeza upande wa pili. Mhuishaji alikuwa ameandika chini yake, kwa adabu kubwa, kwamba ili shanga zianguke inavyopasa itabidi kila uzi ukatwe vipande na kusogezwa kwa mkono katika kila tendo, na kwamba kipindi kizima kina muda wa majuma sita. Mwongozaji akaamua shanga ziondolewe zote.

Nilikasirika siku mbili, nikawa sipokei simu. Bibi wa muheme asiye na shanga ni mama yeyote tu aliyekaa na ngoma. Siku ya tatu nikakumbuka jambo nililokuwa nalijua siku zote bila kulitumia. Studio ya Hanna-Barbera ya Marekani, iliyoanza mwaka 1957 na kutengeneza katuni za televisheni kwa fedha kidogo kuliko zile za sinema, ilikuwa na mazoea ya kuwavisha wanyama wake ukosi na tai. Dubu Yogi hana shati wala koti, lakini shingoni ana ukosi mweupe na tai. Ule ukosi unaficha mahali kichwa kinapoungana na mwili, hivyo mwili unaweza kuachwa umetulia huku kichwa peke yake kikigeuka na kusema, na mtazamaji haoni kiungo. Kumbe kile nilichokidhani ni urembo kilikuwa kifuniko.

Nikaenda kuwatazama tena wacheza ngoma, safari hii nikiangalia shingo zao tu, nikarudi nikamtengenezea Bibi ukosi mmoja mpana wa shanga uliolala juu ya mabega, kipande kimoja, mistari mitatu ya rangi bila shanga hata moja iliyochorwa peke yake. Ukiuona kwa karibu ni mduara uliopakwa rangi. Ukiuona kwenye kivuli ni yeye. Tena unafunika kiungo cha shingo na sehemu ya mabega, kwa hiyo anapopiga ngoma mikono inatokea chini yake bila kuonyesha mahali ilipokatwa. Mhuishaji yule aliniandikia neno moja tu, "Asante", na sijawahi kupata sifa niliyoithamini kuliko hiyo.

Ndewe hazikuondolewa. Nilizitetea kwa sababu kila moja inahitaji kiungo kimoja tu, na zinapotikisika baada ya kichwa kusimama, unahisi uzito wa pigo la ngoma hata sauti ikizimwa.

Kuhusu vidole tulibishana kinyume chake. Utaona katuni nyingi zina vidole vinne kwa kila mkono, kama Mickey Mouse aliyeanza kuonekana mwaka 1928, kwa kuwa kidole kimoja kikipungua kazi hupungua na mkono hauonekani kama shazi la ndizi. Kwetu mhariri wa masomo ndiye aliyegutuka: Bibi alikuwa anawafundisha wajukuu kuhesabu hadi kumi kwa vidole. Tulirudisha cha tano siku hiyohiyo.

Rangi nayo ina mateso yake hapa kwetu. Msanii wa mandhari alikuwa ameupaka udongo wa Dodoma rangi yake halisi, ile nyekundu ya kahawia, na watoto wetu wenye ngozi ya kahawia wakapotea ndani yake kama digidigi kichakani. Vitabu vingi nilivyojifunzia vilichukulia kwamba ngozi ni nyeupe na ardhi ni kijani. Tuliufifisha udongo, tukawapa watoto nguo za njano na buluu, kisha nikatengeneza orodha tatu za rangi kwa kila mhusika, ya mchana, ya jioni na ya usiku, kwa sababu ngozi nyeusi usiku haipaswi kutiwa kijivu. Hutiwa buluu au zambarau kidogo, na mwanga wa moto huwekwa shavuni.

Midomo ndiyo ninayoipenda zaidi. Tangu Ubongo Kids ianze kurushwa mwaka 2014, watoto wamezoea katuni ambazo zimezaliwa zikisema Kiswahili, wala si zile zilizotiwa sauti baadaye, lakini chati nyingi za midomo tunazozipata, zile zinazoonyesha mdomo unavyokaa kwa kila sauti, zimetengenezwa kwa Kiingereza. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hivyo mdomo mwishoni mwa sentensi hubaki wazi, na mhuishaji aliyezoea chati ya kigeni huufunga mapema. Tamka "mbuyu" mbele ya kioo: midomo inafumba mara moja mwanzoni, kisha inachongoka mpaka mwisho. Tamka "mama" na itafumba mara mbili. Kwa Bibi nilichora midomo minane tu, na ule wa "u" niliuchora mara tatu, kwa kuwa yeye ana mapengo.

Malipo sitayaeleza kwa urefu. Nalipwa kwa kila mhusika, mdogo kwa bei yake na mkuu kwa bei yake, na fedha hazifiki kila mwezi. Yuko mteja mmoja wa zamani aliyebadilisha nguo za wahusika sita baada ya kuwaidhinisha, akakataa kulipia mabadiliko. Tangu hapo naandika katika mkataba kwamba marekebisho ni mara mbili tu. Vikao huwa vya mtandaoni, na inapobidi kuonana, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 naweza kwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi kulala kwangu.

Kuhusu kijana wako, usimtume kwangu na picha zake nzuri, maana najua ni nzuri. Mpe karatasi kubwa umwambie amchore bibi yake amesimama, mbele, ubavuni na mgongoni, kwa kimo kilekile, bila kumwandika jina. Akimaliza, mpe karatasi hiyo mwanafunzi mwingine ambaye hajawahi kumwona bibi huyo na ambaye uchoraji wake ni wa kawaida tu, umwambie amchore bibi huyohuyo akiteka maji. Kisha mwonyeshe bibi mwenyewe mchoro huo wa pili, umuulize ni nani.

Mchoro utakaonitumia uwe huo wa pili, pamoja na jibu la bibi.

Wako,
Chilewa