Baba Neema, kuhusu zile namba ulizoniomba

Louisville, 12 Oktoba

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu kwako, kwa Mama Neema na kwa watoto. Huku sote wazima, tumeshatoa majaketi kabatini. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ombi lako ni zito. Unataka nikutumie namba za GPS za vichaka vya krapi, yale matawi yaliyozamishwa ambako samaki hao hukusanyika, ambavyo Mzee alituonyesha akiwa na boti yake kule kwenye ziwa la Kentucky Lake. Sitazituma, na naomba unisikilize kabla hujakasirika.

Kichaka kimoja kilichozamishwa kinaweza kubeba samaki wazuri kumi, kumi na tano hivi. Krapi hukaa kikundi, kwa hiyo akija mtu na wenzake watatu, siku mbili tu wamekimaliza. Aliyekata matawi, akayafungia matofali na kuyapeleka kwa boti, anarudi anakuta hakuna kitu. Ndiyo maana Mzee aliumia kuona ile picha uliyoirusha kwenye grupu. Samaki hawakuwa na tatizo. Tatizo ni zile nguzo za daraja na lile paa jekundu nyuma yako. Anayelijua ziwa akiona hivyo viwili ameshafika. Ifute, tafadhali. Siku nyingine mpige picha samaki akiwa ndani ya boti, kamera ikitazama chini, na uzime mahali kwenye kamera, maana simu huhifadhi sehemu picha ilipopigwa hata kama nyuma hapaonekani kitu.

Halafu hata ningekutumia hizo namba, zingekupoteza. Ziwa lile hupunguzwa maji kila mwaka. Majira ya joto usawa wake ni futi 359. Kuanzia Julai linashushwa kidogo kidogo, na likiingia Desemba liko 354. Kichaka ulichokipimia futi 10 mwezi wa sita, Desemba kina futi 5 za maji juu yake. Na samaki nao hawakungoji. Maji yakipoa kutoka nyuzi 70 za Farenhaiti kwenda 60, vile vidagaa vinavyoitwa shedi huingia ndani ya hori, yaani mikono ya ziwa inayoingia nchi kavu, na krapi huvifuata. Yakikaribia 50, wengi wameshashuka kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, futi 12 hadi 20. Mahali pa wiki mbili zilizopita panaweza kuwa patupu leo.

Kwa hiyo fanya hivi. Idara ya wanyamapori ya Kentucky imezamisha vichaka na vigingi kwa ajili ya wavuvi, na namba zake inazitoa bure. Ziingize kwenye mashine yako ya kutafutia samaki. Watu wanavidharau kwa kuwa si siri, lakini mimi kichaka cha serikali kilicho kwenye kina sahihi nakichukua mbele ya kichaka cha siri kilicho kwenye kina kibaya. Chagua hori moja, Blood River au Jonathan Creek, hayo kila mtu anayajua. Anzia mdomoni, ingia ndani polepole ukitazama sona, kile kioo cha mashine kinachoonyesha kilicho chini ya maji. Shedi huonekana kama wingu. Krapi ni alama zilizopangana juu ya matawi au kandokando yake. Usipoona shedi, usipoteze muda hapo, songa. Ukiona krapi, andika joto la maji, kina cha samaki na tarehe. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia mwakani.

Usipitishe boti juu ya kichaka. Simama upande upepo unakoelekea, urushe kutoka mbali kidogo. Jigi, ile ndoano yenye kichwa cha risasi, ya 1/16 ya aunsi inatosha, na maji yakitulia shuka hadi 1/32, kwa mshipi wa ratili 6. Krapi hutazama juu, hivyo chambo kikae futi moja juu yao. Kikiwa chini yao hawakioni. Ukiwa unashusha wima, tazama fundo: jigi lazima ining'inie mlalo kama samaki anayeogelea. Kila ukitoa samaki fundo huteleza kwenda mbele ya kitanzi, jigi inainua kichwa na kuning'iniza mkia, na hapo wanaikataa. Lirudishe katikati kwa ukucha, kila mara. Mara nyingi hutasikia mguso. Utaona tu mshipi umelegea, maana samaki ameinuka nacho. Inua fimbo taratibu, usikurupuke, midomo yao huchanika kama karatasi. Tumia ndoano ya waya mwembamba: ikinasa kwenye tawi, vuta moja kwa moja bila pupa, itanyooka itoke, kisha uikunje tena kwa koleo.

Jambo moja zaidi, la Januari. Maji yakiwa chini, tembea ukingoni upige picha visiki na vigingi vilivyobaki nje, uhifadhi namba zake. Masika vitakuwa majini, navyo utakuwa umevitafuta mwenyewe.

Narudi kwa Mzee. Mtu akikupandisha botini mwake, usihifadhi mahali kwenye simu yako bila kumuomba. Sijui kama ulihifadhi, sikutuhumu, ila kama ulifanya hivyo, futa na umwambie. Atakuelewa. Mpigie wewe mwenyewe, usimtume shemeji.

Sasa niambie: picha umeshaifuta? Mashine yako ni ile ya zamani au umenunua nyingine? Leseni umekata, au bado unategemea ile iliyoisha Februari? Kitabu cha kanuni umeangalia urefu na idadi wanayoruhusu mwaka huu? Maji huko Paducah yana nyuzi ngapi wiki hii? Na Neema, bado anakataa kula samaki mwenye kichwa?

Nijibu kabla ya Jumamosi, nijue kama nije na fimbo mbili.

Nduguyo,
Baba Salma