Safari ya kupiga picha za ndege wa porini sasa ni Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Tumeisogeza kutoka Jumapili, kwa kuwa vibisi wenye vishungi (ndege wa majini wanaozamia) wameshaanza kuchumbiana pale bwawani. Dume na jike hutikisa vichwa wakitazamana, huzamia, kisha huibuka na majani ya majini mdomoni na kusimama kifua kwa kifua juu ya maji. Ni sekunde chache tu, kwa hiyo kamera ziwe tayari mapema.

1. Tukutane saa 11:00 alfajiri kwenye kibanda cha maficho. Tuwe ndani kabla hakujapambazuka.
2. Leteni lenzi ya milimita 400 au zaidi na stendi. Kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ianzie 1/1600 ya sekunde.
3. Flashi hapana. Kuwaita ndege kwa sauti zilizorekodiwa pia hapana, maana huwapotezea nguvu wanazohitaji kuzaliana. Na tafadhali, asiyaguse matete mtu yeyote. Huenda kuna kiota. Ndege akiacha kucheza na kututazama, tumeshamkaribia mno, turudi nyuma.

Kibanda kina nafasi 8 tu. Naomba kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku. Mwenye stendi ya ziada aniambie, wageni wawili hawana.