Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Plasta Kwenye Mashine

Wanachama wenzangu, wauguzi, maafisa wa kliniki na mafundi wa vifaa vya tiba, hamjambo nyote, na karibuni Kisumu.

Nianze na kazi iliyotumeza mwaka huu. Mkutano mkuu uliopita uliagiza kila mwanachama apige picha ya plasta yoyote iliyobandikwa kwenye mashine kazini kwake. Ile plasta nyeupe ya wadi, imeandikwa kwa biro. Picha zimetoka Bondo, Mbale, Busia, Webuye, hata kwa wenzetu waliohamia Nakuru. "Bonyeza mara mbili." "Usiizimie hapa." "Hii kengele si kitu, endelea." Mwanzoni tulicheka. Lakini kila plasta inaonyesha mahali ambapo aliyeunda mashine hakumjua atakayeitumia, na muuguzi akalazimika kumalizia kazi ya mwingine.

Iliyonikaa moyoni ni fupi: "GAWANYA KWA 18." Ilikuwa kwenye mashine ya kupima sukari iliyoletwa na wafadhili kutoka Marekani, ambako sukari husomwa kwa miligramu kwa desilita. Sisi husoma milimoli kwa lita, ndiyo sababu ya kugawanya. Plasta ilibanduka kwa kupanguswa spiriti kila siku. Usiku mmoja mwenzetu aliyeazimwa kutoka wadi nyingine akapima mgonjwa, kioo kikaandika 54. Akadhani nukta imefifia, akajaza 5.4, sukari nzuri kabisa. Kumbe ilikuwa 3.0, sukari iliyoshuka mno. Mgonjwa aliokolewa na jasho lake mwenyewe: mwenzake wa zamu alimwona amelowa na anaropokwa, wakamtundikia glukosi upesi.

Asubuhi muuguzi aliandikiwa barua ya kujieleza. Mashine haikuandikiwa chochote. Kamati yenu ilikwenda kuzungumza na wasimamizi wa kituo hicho, na mashine za aina hiyo zimeondolewa. Barua ingali kwenye faili la mwenzetu. Kamati ijayo isilifumbie macho jambo hilo.

Tukilalamika, jibu ni lile lile: wafanyakazi wapelekwe semina. Sipingi semina, na chai yake naipenda. Ila aliyefunzwa vizuri akifika saa tisa usiku na wagonjwa wamejaa wadi, macho yake hayatafuti nukta. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani, Therac-25, iliyotengenezwa Canada, iliwapa wagonjwa sita mionzi ya kupindukia kati ya 1985 na 1987, wengine wakafa. Programu yake ilikuwa na kasoro, na hitilafu ilipotokea kioo kilionyesha namba tu: hitilafu 54. (Ni sadfa, msiende kuicheza kamari.) Waendeshaji walikuwa wamezoea jumbe za aina hiyo kila siku, wakabonyeza kitufe cha kuendelea. Hao walikuwa watu wenye mafunzo.

Siku hizi kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62366-1 cha 2015, kinachomtaka mtengenezaji wa vifaa vya tiba achunguze watumiaji, atabiri makosa yao na kukijaribu kifaa mikononi mwao. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa 2016 unapendekeza wajaribu wasiopungua 15 kwa kila kundi la watumiaji. Vyema. Lakini hao 15 si lazima wawe wamefanya kazi stima ikiwa imepotea.

Ndiyo maana tulianzisha majaribio yetu. Kituo kimoja kilikubali, kabla ya kupokea pampu za dripu, wauguzi wa zamu ya usiku wazijaribu kwanza. Tulizima taa, tukawavalisha glavu, tukawaambia waweke mililita 5.5 kwa saa kwa mwanga wa tochi ya simu. Aina moja ilikuwa na kitufe cha nukta kigumu. Ukikibonyeza kwa haraka hakishiki, na kioo kinasoma 55 bila kuuliza. Mara kumi ya dawa! Muuzaji alisema tumeibonyeza vibaya. Sista mmoja mzee akampa glavu, akamwambia naye ajaribu. Pampu hizo hazikupokelewa. Kati ya 2005 na 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokea taarifa takriban 56,000 za matatizo ya pampu za dripu, kwa hiyo muuzaji asijifanye ameshangaa.

Kuhusu misaada, msimamo wa kamati ni huu: kifaa cha volti 120, kisichofaa umeme wetu, bila transfoma, au chenye maandishi ya lugha ambayo hakuna anayeisoma wadini, kisipokelewe hata kama kuna picha ya kupiga na mgeni wa heshima. Wanachama wachache hawakubaliani nami, nasi tutalijadili leo.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Michango imelipwa vizuri kuliko mwaka jana, isipokuwa wale tunaowajua, nao wanajijua.

Mwaka ujao tunataka fomu moja ya kuripoti makosa ambayo mgonjwa aliponea chupuchupu, isiyo na nafasi ya jina la muuguzi ila yenye nafasi ya jina la mashine. Rasimu iko mezani kwa katibu. Isomeni kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa tutaipigia kura alasiri, pamoja na nafasi ya makamu mwenyekiti.