Utabiri wa vuli: mlima hauna hali ya hewa moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jinsi habari za mvua za vuli zinavyotufikia sisi wa Kilimanjaro. Kila Agosti inapoelekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Kesho yake magazetini tunasoma "Mvua juu ya wastani Arusha, Kilimanjaro, Manyara", au mwaka mwingine "Ukame wanukia kaskazini". Mikoa mitatu imemalizwa kwa mstari mmoja.

Mimi nina kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, Uru huku mlimani, na shamba la mahindi Kahe kule tambarare. Wilaya ni hiyohiyo ya Moshi, lakini mvua ya huku na ya kule hazifanani hata kidogo. Mlima ukionekana asubuhi, ikifika saa nne au saa tano mawingu yameshaufunika. Yanapanda kutoka bondeni, yanagota kwenye msitu na kumwaga maji hukohuko juu. Kwenye msitu wa upande wa kusini, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua ya mwaka huvuka milimita 2,000. Moshi mjini haifiki hata nusu yake, na ukishuka Kahe inapungua tena. Rombo, upande wa mashariki wa mlima, nako wana hesabu yao, maana vuli kwao ina uzito kuliko kwetu wa kusini tunaotegemea zaidi masika. Longido, iliyo upande mkavu wa mlima, sitaki hata kuiingiza humu.

Sasa mweleze mkulima wa Kahe kwamba "Kilimanjaro" itapata mvua ya wastani. Kwa wataalamu, wastani ni kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua iliyozoeleka mahali hapo kwa miaka mingi. Kwa hiyo msimu uliopungukiwa robo nzima bado unaitwa wa wastani. Uru tutaupita, migomba ina kivuli na mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, unaleta maji. Kahe robo hiyo ndiyo gunia zenyewe.

Kibaya zaidi, jumla ya milimita haisemi mvua itaanza lini, itakatika lini, na katikati kutakuwa na jua la wiki ngapi. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye duka la pembejeo, mzee mmoja akaingia na gazeti kalikunja kwapani. Muuzaji akamuuliza, "Babu, nikupe mbegu ya siku ngapi?" Akajibu, "Nipe ya siku nyingi, mwaka huu mvua ipo, wameandika." Akaufunua ukurasa tuuone. Mvua ilikuja kweli, tena ya kutisha, ikanyesha mfululizo halafu ikakata kabla ya Krismasi, mahindi yake ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Utabiri ulikuwa sahihi na mzee hakuvuna kitu. Maana taarifa ya TMA yenyewe hueleza mwanzo wa mvua, mwisho wake, mtawanyiko na vipindi virefu vya ukavu. Hayo yote yaliishia kwenye meza ya chumba cha habari.

Kuna na hili la El Nino, yaani Bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida. Likitajwa tu, wafanyabiashara wa mahindi wanaanza kupiga hesabu na watu wanakumbushana mvua kubwa za 1997. Lakini El Nino ya 2015 ilikuwa kubwa, na vuli yake huku kwetu haikuwa na kishindo cha 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Nino ya kuzungumzia, mvua ikanyesha hadi tukachoka, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ilikuwa imepoa. Mwaka 2023 yote mawili yalikuja pamoja, na Desemba 3 tope la Mlima Hanang likashuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Anayeandika El Nino bila kuuliza Bahari ya Hindi ikoje amempa msomaji nusu ya habari.

Halafu mvua ileile si neema kwa kila mtu. Ikinyesha vizuri baada ya kiangazi, mkahawa unatoa maua, na hayo ndiyo mavuno ya mwakani. Lakini wakati huohuo kuna kahawa ya mwaka huu iko juu ya vichanja inakauka, na wingu likitanda ni mbio za maturubai, watoto na wageni wote. Na mtu wa bondeni anaweza kukaa chini ya jua kali kabisa akaona mto Rau umegeuka rangi ya udongo na unapanda, kwa mvua iliyonyesha mlimani usiku. Huyo akiambiwa Kahe hakutakuwa na mvua wiki hii, hajaambiwa linalomhusu.

Ninachoomba ni kidogo. Habari ya vuli igawanyeni kwa ukanda: vihambani, katikati na tambarare, na Rombo ipewe mstari wake. Andikeni mvua inatazamiwa kuanza wiki gani ya mwezi gani kabla ya kuandika ni nyingi au haba. Na msiishie Agosti. TMA hutoa taarifa mpya za mwezi na za siku kumi, ambazo gazetini sizioni. Robo ukurasa kila siku kumi, Oktoba hadi Desemba, ingetutosha. Mkikosa nafasi, ondoeni ile picha ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, mnayoiweka kila mara habari ikihusu mvua, hata kama mafuriko yenyewe ni ya Same.

Mkulima na msomaji wako,
Uru, Moshi