Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Nani Kauandika Ukurasa Huu, na Lini?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba dakika zako chache. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza zilipitia njia iliyo rasmi, na zote zilijibiwa kwa sentensi ileile: "Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Nimeona hii ya nne niiache wazi, ili kama kuna kazi inayofanyika, wengine nao waione.

Wiki mbili zilizopita, ukurasa wa Wizara yako unaoelekeza namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari ulikuwa na vipimo vilivyogeuzwa. Kila muuguzi anavijua kichwani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ukurasa wenu uliandika vijiko 6 vya chumvi na nusu ya sukari. Mheshimiwa, vijiko 6 vya chumvi ndani ya lita moja ni maji ya bahari. Sukari ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Ukizidisha chumvi kiasi hicho unamkausha mtoto ambaye tayari amekauka, na anaweza kuingia degedege.

Nilipiga simu. Wa kwanza akasema si idara yake. Wa pili akaniuliza mimi ni daktari wa wapi. Wa tatu akanipa anwani ya barua pepe, nikaandika, ikarudi. Siku ya nne vipimo vikawa sahihi. Basi. Hakuna neno linalosema kulikuwa na kosa, hakuna tarehe, hakuna samahani. Aliyeupiga picha ukurasa ule siku ya pili anayo picha hiyo hadi sasa, ina nembo yenu juu, na inazunguka kwenye makundi ya simu. Mimi mwenyewe nimetumiwa mara mbili. Mara ya pili ilikuja na maneno haya: "Hii imetoka Wizarani kabisa."

Utauliza nilikuwa natafuta nini kwenye tovuti yenu. Ni kwa sababu ya mama yangu.

Mama ana presha. Mwaka jana alipokea ujumbe wa bwana mmoja anayeuza unga wa kusafisha mishipa: vidonge vya presha vinaua figo, mama, achana navyo. Nikamwambia ni uongo. Akasema, "Nionyeshe." Nikafungua tovuti ya Wizara kwa kujiamini kabisa, maana nilikumbuka ulivyosimama siku ya kuizindua ukaahidi kwamba kila mwananchi atapata taarifa sahihi za afya kwa lugha anayoielewa. Likafunguka faili la kurasa 84, limepigwa picha upande, mhuri umekaa juu ya jedwali la dozi. Mama akavaa miwani, akavuta skrini kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti: "udhibiti wa visababishi hatarishi vya kimtindo wa maisha." Akanitazama.

"Mwanangu, hapa wamesema nimeze au nisimeze?"

Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Jibu lenyewe ni fupi: presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoharibu figo, na baadhi ya dawa zake hutumika kuzilinda. Halimo ndani ya zile kurasa 84. Nimezisoma zote, baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi. Maana mama aliacha vidonge. Alijisikia mzima tu, kama wengi wenye presha wanavyojisikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajijui. Wiki ya sita kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia leo haushiki hata kijiko. Namlisha mimi, namwogesha mimi, na kazi niliyokuwa nayo sinayo tena.

Yule bwana wa unga ana jina, ana picha, ana namba ya simu, na anajibu saa nne usiku. Ninyi mna nembo. Sisemi kwa kejeli, au labda kidogo: mtu mzima mwenye hofu, usiku, akiwekewa mbele yake jina na nembo, atalifuata jina. Simlaumu mama. Nimejaribu kumlaumu, nimeshindwa.

Kwa nini iko hivi? Nakisia tu. Labda tovuti ilijengwa kwa fedha za mradi, mradi ukaisha, na aliyekuwa na neno la siri akaondoka nalo. Labda wataalamu wenu wanaogopa kutia majina wasije wakaulizwa. Labda mnaona kuandika kwa lugha nyepesi ni kujishushia hadhi. Ninyi ndio mnaojua.

Ila msiniambie ni jambo geni. Tangu mwaka 1996 taasisi ya Health On the Net ya Geneva ilikuwa na kanuni 8 za tovuti za afya: useme aliyeandika ni nani na ana sifa gani, umeyatoa wapi, umeyaandika lini, nani anakulipa. Taasisi ilifunga kazi mwaka 2022, lakini hakuna anayewazuia kuzifuata. MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwapo tangu 1998 na huweka tarehe kwenye kurasa zake za magonjwa. Na mnaikumbuka makala ya jarida la Lancet ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji kwa kutazama watoto 12 tu? Jarida lilichukua miaka 12 kuifuta, aibu yao. Lakini lilipoifuta mwaka 2010 halikuichomoa kimyakimya. Liliiacha mahali pake na kuigonga neno kwamba imefutwa, kila anayeifungua alione. Ninyi mlibadilisha vijiko 6 mkaenda kulala.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi. Nilitaka mhariri. Nilitaka kila ukurasa usomwe kwanza na mgonjwa mmoja, asiye daktari, aseme ameelewa nini. Nilitaka namba ya simu ya kutoa taarifa za makosa, yenye mtu upande wa pili. Yote nimeyafuta. Naomba tarehe. Tarehe na jina la aliyehakiki, chini ya kila ukurasa, na ukirekebishwa, mstari mmoja unaosema kilichorekebishwa ni nini. Hata kama hamtafanya lingine lolote. Haihitaji kamati, haihitaji mfadhili, haihitaji semina ya siku tatu. Tarehe na jina, Mheshimiwa. Na muanze na ule ukurasa wa maji ya chumvi na sukari, muanze leo, kwa sababu picha ile bado inatembea na kuna mama mahali fulani ameshika kijiko.

Asubuhi hii, kabla ya kumwogesha mama, niliufungua tena. Nilishuka hadi chini kabisa, pale ambapo jina lingekaa. Pameandikwa: Haki zote zimehifadhiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mgonjwa