Barua kwa mdogo wangu aliyeambiwa dawa zake ni za Wazungu

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu najua si wewe peke yako uliyeambiwa maneno yale. Siku ile kwa Mama, Kayole, Mjomba aliiokota bahasha yako ya kaki mezani, akasoma "1x1 asubuhi", akauliza ni za nini. Ulipomjibu, akasema dawa za mawazo ni za Wazungu, sisi shida tumezizoea. Nasikia tangu siku hiyo humezi tena.

Mjomba namheshimu, kwa hivyo nianze na pale aliposema kweli. Nchi tajiri zinameza dawa hizi za dipresheni, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa wingi sana. Marekani, kati ya 2015 na 2018, watu wazima 13 hivi katika kila 100 walikuwa wamezitumia ndani ya siku 30 kabla ya kuulizwa. England, mwaka wa fedha wa 2021/22, watu zaidi ya milioni 8 waliandikiwa. Iceland ndiyo imekuwa ikiongoza nchi tajiri kwa miaka mingi.

Sasa tazama Latvia. Nayo ni nchi ya Ulaya, nayo ni ya Wazungu, lakini matumizi yake ni kidogo mno ukilinganisha na Iceland. Je, watu wa Latvia wana raha kuliko wenzao? Hapana. Kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa nchi za Ulaya ambako watu wengi hujiua. Kwa hivyo ukihesabu vidonge hujahesabu huzuni. Umehesabu nani ana daktari karibu, nani ana bima, na nani haoni aibu kuingia kliniki.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 watu milioni 280 hivi walikuwa wanaugua dipresheni. Utafiti uliofanywa katika nchi 21, ukachapishwa 2016, ulionyesha kwamba katika nchi tajiri mgonjwa 1 kati ya 5 ndiye anayepata matibabu ya kutosha. Katika nchi maskini ni 1 kati ya 27. Wale 26 wengine hawajazoea shida, mdogo wangu. Wameachwa nayo.

Na hapa kwetu wameachwa kwa njia nyingi. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ipo tangu 1910, lakini mpaka leo mtu akiomba kushushwa pale Thika Road, abiria wanageuza shingo kumtazama. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliishauri serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Na ilikuwa hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo mtu alikuwa anatolewa wodini akipelekwa kituo cha polisi. Nani angejitokeza kusema anaugua? Nikikumbuka hilo bado nawaka.

Hicho kidonge chako, fluoxetine, kilianza kuuzwa Marekani 1988 kwa jina la Prozac, kwa bei ya watu wenye pesa. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja tu kukitengeneza, ilipoisha 2001, viwanda vingine vikaanza kukitengeneza, bei ikashuka, na leo kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana mtu wa chemisti anaweza kukukatia vya wiki moja kwa makasi. Hata amitriptyline, ile dawa kuukuu ya tangu miaka ya 1960, ilifanya vizuri sana mwaka wa 2018 watafiti walipolinganisha dawa 21 za aina hii, ingawa wengi hushindwa na madhara yake. Zote 21 zilisaidia kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Si kwa kila mtu, na si kwa kiwango kikubwa kila mara, lakini zilisaidia.

Kosa la matajiri nalo lipo, tusilifunike. Wengi wao huandikiwa haraka, kisha hukaa miaka bila mtu kuwauliza kama bado wanazihitaji. Ndiyo maana mwongozo wa England wa 2022 unasema kwa dipresheni nyepesi dawa isiwe jambo la kwanza. Mazungumzo nayo ni tiba. Kule Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, kumbe familia ilikuwa imekosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Akawafunza akina nyanya wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza, na utafiti wa 2016 ulionyesha wagonjwa hao walipata nafuu. Laiti tungekuwa na benchi kama hilo Kayole.

Dipresheni yako lakini si nyepesi. Nilikuona mwezi ule, hukuweza hata kuamka uoge. Kichefuchefu ulichonieleza ni cha mwanzo, na kwa wengi hupungua. Nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa, na wewe uliacha kabla haijafika. Kuna jambo moja tu ambalo halingoji kliniki: kwa vijana wa chini ya miaka 25 kama wewe, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka wiki za kwanza. Yakikujia, nipigie hata kama ni saa tisa usiku, twende hospitali.

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Nitakungoja stejini saa moja asubuhi, twende kliniki pamoja, na nauli ninayo. Kabla ya hapo usimeze viwili viwili ili kufidia siku ulizoruka. Mweleze daktari uliacha lini na kwa nini, naye atakwambia uanzie wapi. Na ukiona hiyo haikufai, mwambie wazi. Ziko nyingine.