Si kila "ni" ni ya msimulizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu swali linalopenda kujitokeza katika majaribio ya ufahamu wa Kiswahili, yaani kama hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akijitaja mwenyewe kama katika "nilikwenda", au kwa nafsi ya tatu, akiwataja wengine tu kama katika "alikwenda". Mjukuu wangu, anayesoma darasa la sita hapa Dodoma, alirudi nyumbani na karatasi iliyosahihishwa, ambayo kifungu chake kilihusu bibi mmoja aliyekuwa akichuma zabibu: "Bibi aliweka kikapu chini, akafuta jasho, akamwambia mjukuu wake, 'Nimechoka, nitapumzika kidogo kivulini.'" Mtoto alijibu kwamba hadithi iko katika nafsi ya tatu, akahesabiwa amekosa. Pembeni kulikuwa na maelezo kwamba jibu sahihi ni nafsi ya kwanza, na maneno "nimechoka" na "nitapumzika" yamepigiwa mstari kuwa ndiyo ushahidi.

Simlaumu sana aliyesahihisha, kwa kuwa nami nilishika chaki miaka mingi kabla ya kustaafu na ninajua jinsi rundo la madaftari linavyomfanya mtu atamani njia ya mkato. Hata hivyo, njia hii ya kuwinda "ni" katika kifungu inawapotosha watoto, kwa sababu silabi hiyo ina kazi nyingi mno katika lugha yetu. Katika "alinipa" inamtaja aliyepewa, katika "shambani" inaonesha mahali, katika "njooni" inaonesha kwamba wanaoitwa ni wengi, na katika "Hombolo ni mbali" ni kitenzi kishirikishi, yaani kinachounganisha tu kitu na sifa yake, kisichohusu nafsi ya mtu yeyote. Kwa upande mwingine, msimulizi anaweza kusema "sikulala usiku ule" na akawa katika nafsi ya kwanza kamili bila hiyo "ni" kuonekana, kwa kuwa ukanushi umeibadilisha kuwa "si". Wala hatuwezi kumwambia mtoto atafute neno "mimi", maana mara nyingi Mswahili hulitamka pale tu anapotaka kutia mkazo.

Katika kifungu cha zabibu, anayesema "nimechoka" ni bibi, na anayetuambia kwamba bibi alisema hivyo ni mwingine kabisa, ambaye hayumo shambani. Kwa hiyo nilimfundisha mjukuu wangu azibe kwa kidole kila kauli halisi, yaani kila kilichomo ndani ya alama za kunukuu, kisha asome kinachobaki. Kilichobaki ni "aliweka", "akafuta" na "akamwambia". Basi jibu lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nikiri kwamba kidole hakimalizi kazi. Zipo hadithi ambazo msimulizi anatembea kurasa nzima akieleza habari za mtu mwingine, mzee aliyepanda basi, akashuka Kongwa, akauliza njia, kila kitenzi kikianza kwa "a", halafu ghafla tunasoma "nikampokea mzigo wake". Hapo msimulizi alikuwepo muda wote, naye ni shahidi wa nafsi ya kwanza, hata kama neno lake la kujitambulisha ni moja tu. Kinyume chake, mtambaji wa ngano husema "tumwache Fisi hapo, tumrudie Sungura", na hiyo "tu" haimwingizi yeye katika ugomvi wa wanyama. Anaongea na sisi tulioketi tukimsikiliza, huku hadithi yake ikibaki katika nafsi ya tatu. Kisha iko "hu" ya mazoea, ambayo mjukuu wangu aliigundua mwenyewe na kuniuliza: "Babu, 'kila asubuhi huamka na kufagia uwanja', hapo ni nani?" Kwa sentensi hiyo peke yake hakuna awezaye kujibu, kwani "hu" haibebi nafsi, lazima usome inayofuata.

Jambo jingine linalochanganywa ni mwandishi na msimulizi. Mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi aliitoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971 kwa nafsi ya tatu, na mwaka 1974 akatoa Kichwamaji, ambamo "mimi" ni Kazimoto, kijana wa kubuniwa. Mkono ulioandika ni mmoja, lakini sauti zinazosimulia ni mbili, na mwanafunzi anayeandika "Kezilahabi anasema alifanya hivi" anamtwika mwandishi matendo ya mhusika wake.

Mtu anaweza kuona kwamba nalikuza jambo dogo la alama moja. Lakini nafsi ndiyo inayoamua msomaji ataambiwa nini. Mtoto wa hadithini akisema "nilisikia mlango ukigongwa, nikadhani ni upepo", sisi tumefungiwa ndani pamoja naye na hatujui aliyeko nje mpaka yeye afungue. Ukiandika "alisikia mlango ukigongwa, akadhani ni upepo", msimulizi yuko huru kuongeza kwamba nje alisimama mjomba wake, akitetemeka na kuona aibu ya kubisha mara ya pili. Aibu hiyo ya mjomba mtoto asingeweza kuijua akiwa kitandani.

Ombi langu kwa watungaji wa majaribio ni kwamba swali liulize kwanza nani anasimulia, kisha limtake mwanafunzi anukuu sentensi iliyomthibitishia, iliyo nje ya mazungumzo ya wahusika. Na pale kifungu chenyewe kinapokuwa kifupi kiasi kwamba hakuna sentensi ya namna hiyo, kisitumike kwa swali hilo.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma